Bamia ya New Orleans

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, hofu yangu ni juu yenu hapo Tanga. Uliniuliza kwenye simu mbona kila Jumatatu nakula kwa Wafaransa ilhali nyumbani nina jiko. Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Kwanza usifikirie vitambaa vyeupe na uma tatu tatu. Bistro ya mtaani hapa New Orleans, Marekani, ni mgahawa wa kona wa mtindo wa Kifaransa: meza chache, vyakula vimeandikwa kwa chaki ubaoni, fundi bomba na mwalimu wamekaa bega kwa bega. Samaki wa siagi na ndimu wapo, na mikate ya Kifaransa. Ila Jumatatu ni wali na maharage mekundu, kwa kuwa zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Mama aliinjika chungu asubuhi, akashughulika na nguo, na hadi anaanua maharage yalikuwa yameshaiva.

Lakini kinachonirudisha pale ni gumbo. Ni mchuzi mzito wa kamba na kaa, unaliwa na wali. Nilipotia kijiko cha kwanza mdomoni nikakutana na utelezi wa bamia, machozi yakanitoka mbele za watu. Bamia, mwanangu! Kwa Kifaransa inaitwa gombo, na neno hilo limetoka kwa Wabantu wa upande wa Angola, ndugu wa lugha yetu. Wafaransa waliuanzisha mji huu mwaka 1718. Mwaka uliofuata zikafika meli za watumwa kutoka Afrika, zikiwa na mbegu za mpunga pia. Waliofungwa minyororo ndio walioingizwa jikoni kupika. Kwa hiyo mtu akisema hiki ni chakula cha Kifaransa, mimi siwezi kunyamaza.

Mpishi, mama mtu mzima mzaliwa wa hapa, siku moja alinikaribisha jikoni nishike mwiko. Gumbo huanza na unga wa ngano na mafuta, moto mdogo, unakoroga bila kuondoka. Unaanza kama uji, unakuwa rangi ya karanga, kisha shaba. Wafaransa wa kwao mara nyingi huishia huko mwanzoni, wakati bado mweupe. Mama yule alinizuia kuepua hadi ukafanana na chokoleti na harufu ikawa kama ya kahawa inayokaangwa. Ndipo akamwaga kitunguu, seleri na pilipili hoho, sufuria ikalia shaa! Vikitokea vidoa vyeusi, aliniambia, umeungua. Mwaga, anza upya.

Kuna na calas. Ni wali uliopikwa, ukapondwa na mayai, sukari na kungumanga, ukakaangwa. Zamani akina mama weusi walizitembeza mitaani katika vikapu, wakinadi kwa Kifaransa kwamba zingali za moto. Wahispania walipoutawala mji, sheria iliwaruhusu watumwa kujikomboa kwa fedha, na inasimuliwa kuwa wapo walioweka senti za calas mpaka wakajinunua. Kila nikizila namwona bibi yako alfajiri na vitumbua vyake, vile vilivyonilipia ada.

Juma lililopita mpishi aliniletea calas mbili ambazo sikuagiza. Hapa kitu kidogo anachokuongezea muuzaji bila malipo kinaitwa lagniappe. Nikamwambia kwetu sokoni hiyo ni nyongeza. Akalirudia, nyongeza, nyongeza, hadi likamkaa ulimini. Kisha akataka kujua vitumbua vinakuwaje mviringo vile bila kuchotwa kwa kijiko kama calas zake. Nilijaribu kumchorea kwenye karatasi, hakuelewa.

Kwa hiyo ukija Desemba niletee chuma cha vitumbua, kile kizito cha mashimo saba. Kifunge vizuri katikati ya nguo. Na umwombe bibi akuandikie kipimo cha hamira, maana mimi nilizoea yeye akikadiria kwa macho.

Mama yako