Barua kwa mwanangu anayesimamia boti yangu ya dagaa kambini, kisiwani Ukara

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Kirumba, Mwanza, hatujambo. Bibi yako kifua kimempungua, anakusalimu na anauliza kama unakula au unashindia chai. Mzigo wa Jumamosi umefika salama, ila gunia moja lilikuwa limelowa pembeni. Waambie wapakiaji watandike turubai chini pia, siyo kufunika juu tu.

Ujumbe wako wa spika nimeupata. Unasema sala ya jioni kabla ya boti kutoka imejaza watu mpaka wa kambi ya jirani wanakuja, na sauti yako haiwafikii waliosimama nyuma. Nimefurahi. Mama gani asingefurahi kusikia mwanawe anasalisha rozari kambini, mahali ambapo vijana wenzake wanamalizia hela kwenye gongo na karata? Bei nimeshaiuliza Makoroboi, siyo mbaya, na spika utaipata. Lakini kwanza tuzungumze, maana alipita mtu hapa mwaloni, kwenye soko la samaki.

Ni mmoja wa wavuvi waliokuwa na wewe giza lililopita, zile siku zisizo na mbalamwezi tunazovua dagaa kwa taa. Alikuwa njiani kwenda kwao, akaja kunisalimia na kuniomba nauli ya kumalizia safari. Hilo tu lilinishtua: mtu ametoka kuvua giza zima kwenye boti yangu, anaombaje nauli? Nikamuuliza habari za kambi, akasema nzuri. Nikamuuliza habari za sala, akacheka kidogo huku anatazama chini. "Sala nzuri, Mama. Mgao ndio mgumu."

Hakuja kukushitaki, kwa hiyo usianze kumtafuta ni nani. Mengine nilimdodosa mwenyewe, kisha nikakaa na zile picha za daftari ulizonitumia.

Baba, petroli umeandika lita 25 kwa usiku mmoja. Injini ile naijua mimi, nimeinywesha tangu ikitoka kwenye boksi. Hata iende mbali na kurudi na upepo wa mbele, haifiki lita 15. Hizo 10 ni lita hewa. Na mgao wetu unajua ulivyo: tunatoa kwanza matumizi, kinachobaki nusu ya boti, nusu ya wavuvi. Maana yake kila lita hewa unayoiandika, nusu ya bei yake wameilipa watu waliokesha wamelowa, wanavuta nyavu chini ya taa. Halafu kuna kile kiduka chako. Unga, sabuni na vocha unawakopesha kwa bei ambayo Nansio nzima haipo, na deni unalikata kabla mtu hajashika chake. Na mbalamwezi imeingia, boti zimeegeshwa, watu wanataka kwenda kuona watoto, wewe unawaambia hesabu bado. Nimekaa na biashara hii muda mrefu, hiyo "bado" naielewa. Unawashikilia kwa hela yao wenyewe ili giza lijalo wasihamie kambi nyingine.

Najua hukutia mfukoni. Nimejumlisha, kila kitu kimefika kwangu. Ulitaka giza lako la kwanza la usimamizi mama aone faida. Faida nimeiona, na siitaki.

Zakayo aliposhuka kwenye mkuyu hakuahidi kuanzisha kwaya. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mimi sikuambii mara nne, maana boti ingeuzwa. Nakuambia urudishe kilichozidi, na urudishe mbele ya wote, siyo kwa kumnong'oneza mmoja mmoja. Yakobo naye, ambaye huwa hambembelezi mtu, anaandika kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kilio kinafika masikioni mwa Bwana. Sasa jione hapo ufukweni jioni, umeshika rozari, na nyuma yako wamesimama wanaokudai. Wanaitikia, ndiyo, kwa sababu ni watu wa adabu na kwa sababu wewe ndiye mwenye daftari.

Usidhani naisema kambi tu, huku mjini nako yapo. Kwaresima hii jumuiya ilikwenda Bukumbi, kwenye makazi ya wazee na waliougua ukoma. Wewe unapajua, ndipo mapadre wa White Fathers walipofungua misheni mwaka 1883, na babu yako alikuwa akipenda kututajia mwaka huo kila tukipita Usagara. Tulibeba sukari, sabuni na kanga. Tulipiga picha nyingi kuliko miche ya sabuni tuliyobeba. Mama mmoja aliyetoa fungu kubwa kuliko wote, binti wake wa kazi hajalipwa tangu kabla ya Krismasi, na jumuiya nzima tunajua kwa sababu binti mwenyewe anachota maji na watoto wetu. Wazee wa Bukumbi walipokea, wakashukuru, na kweli sabuni inafua hata ikitoka kwa nani. Sisemi asingetoa. Ila yule binti anamsikia kila usiku akisali sebuleni, na siku akiulizwa Ukristo ni kitu gani atajibu kwa alichokiona katika nyumba hiyo.

Neno la wanawake wanaokuja kununua dagaa wabichi alfajiri, hili nalisema waziwazi ingawa mimi ni mama yako. Mwanamke aliyefika mwaloni na beseni lake amekuja kununua dagaa. Huko visiwani kuna mtindo kwamba asiye na hela ya kutosha, au hata mwenye hela siku ambayo dagaa ni wachache, anaambiwa kuna namna nyingine ya kupewa kwanza. Ukimwona mvuvi wetu anafanya hivyo, mwondoe. Ukifanya wewe, nitakuja kuichukua boti. Panga foleni, aliyetangulia apimiwe, na ndoo ya kupimia isiwe ile iliyobonyezwa kitako kikapanda juu. Nimeinunuliaga dagaa ndoo ya namna hiyo nikiwa na wewe mgongoni, naijua kwa kuitazama tu.

Dagaa walionyeshewa ni wa kuku. Waanike peke yao na uwauze kwa bei ya kuku, hata kama wiki nzima mvua imepiga vichanja na unaona hasara. Mteja wangu wa Kongo anafungua gunia na kuingiza mkono mpaka chini. Lakini hata asingekuwa anaingiza mkono, wanakwenda kuliwa na watoto wa watu.

Umeniandikia pia kwamba giza lijalo ungependa kuchukua wavuvi "wa sala" tu, na kwamba wale wawili Waislamu hawafai kwa sababu jioni hawasimami na wenzao. Hapo ndipo nilipovua miwani. Wale wana sala zao, na wanazisali bila kukuomba spika. Mmoja wao ndiye nahodha anayejua mawe ya upande ule wote hata usiku wa giza totoro. Uko Ukara, mwanangu. Muulize mtu yeyote wa Bwisya akusimulie Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati na watu zaidi ya 220 wakafa. Waliotangulia kuwafikia waliokuwa majini ni watu wa palepale na mitumbwi yao. Hakuna aliyeuliza anayeshikilia kasia ni wa dini gani. Anayetaka kusali asali, asiyetaka apumzike kabla ya kazi, na mgao uwe mmoja. Kazi ya mtu isifungwe kwenye amri yako ya kupiga magoti. Mungu hakukutuma hivyo, na mimi mwenye boti sikukutuma hivyo.

Shangazi yako analalamika hupokei simu yake. Najua anaongea sana. Pokea.

Sasa haya uyafanye kabla ya giza kuingia. Daftari la giza lililopita liandike upya, petroli kwa lita zilizoingia kwenye tangi, kisha msomee kila mvuvi jina lake na hela yake wakiwa wote wamekaa. Kiduka ukiendeshe kwa bei ya Nansio ukiongeza usafiri tu, au ukifunge. Yule aliyepita hapa nimeshampa nauli pamoja na kilichozidi kukatwa, kwa hiyo yeye mwandike amelipwa. Mzani mdogo ulioko kambini urudishe na boti ya mizigo, nataka watu wa Wakala wa Vipimo waukague, stika yake imekwisha muda. Nitakutumia mwingine.

Na yule kijana aliyeumia mkono kwenye kamba, ambaye umeandika "atapona mwenyewe", mpandishe boti ya Jumanne. Nitampokea mimi mwaloni nimpeleke hospitali, nimeshaongea na mjomba wako atalala kwake Pasiansi. Mgao wake uhesabu hadi usiku ule alioumia, usimwandikie deni la dawa. Nauli mpe nzima, na hela ya kula njiani.

Mama yako,
Kirumba