Kompyuta za maabara zisetiwe sawa kabla ya mtihani

Mhariri,

Naandika nikiwa Kondele hapa Kisumu na naomba hii barua iwafikie walimu wa kompyuta kwa vyuo vyetu vya huku magharibi, manake kuna kitu kidogo sana kinaangusha vijana na sisikii mtu akikitaja.

Mdogo wangu anasomea diploma ya kuandika programu. Kazi yake ya Python, lugha ya kuandikia programu, aliandikia kwa lapi yangu nyumbani, ikafanya vizuri mimi mwenyewe nikiona, akaibeba kwa fleshi hadi chuoni. Siku ya mtihani wakaambiwa waongeze mistari kama kumi hivi, akaongeza, kujaribu kuiwasha kompyuta ikakataa, ikatoa ujumbe wa kosa ati TabError. Akaangalia mistari yote, imepangana sawasawa, akafuta akaandika upya, ikakataa vile vile mpaka saa zikaisha. Msimamizi naye hakujua shida iko wapi, akaandika tu programu haifanyi kazi. Sasa kijana anarudia.

Jioni tuliifungua hiyo faili kwa Notepad++, programu ya kuandikia kodi, nikaenda View, halafu Show Symbol, nikawasha ionyeshe spesi na Tab, ile nafasi moja pana ya kitufe cha Tab. Hapo ndo tukaona. Mistari ya nyumbani ilikuwa na vidoti vinne vinne mbele, hizo ni spesi, na ile ya mtihani ilikuwa na mshale, hiyo ni Tab. Kwa macho zote zimeingia ndani kiasi kimoja lakini Python inasoma herufi zenyewe, na tangu Python 3 itoke 2008 ukizichanganya hivyo ndani ya kipande kimoja inakataa kabisa. Lapi yangu niliiseti kitambo, ukibonyeza Tab inaweka spesi 4 vile mwongozo wa Python unapendekeza, kumbe ya maabara inaweka Tab yenyewe. Mtoto alibonyeza kitufe kile kile alichozoea, angejuaje?

Na dawa yake haimalizi dakika moja. Kwa Notepad++ hakikisha kwanza upana wa Tab ni 4, kisha Edit, Blank Operations, TAB to Space. Kwa VS Code, programu nyingine ya kuandikia kodi, angalia chini upande wa kulia pameandikwa Spaces ama Tab Size, bonyeza hapo uchague Convert Indentation to Spaces. Ila msibadilishe kila faili mnayokutana nayo, Makefile kwa mfano, faili ya maagizo ya kujenga programu, inataka Tab, ukiiwekea spesi inagoma.

Ninachoomba ni wanaotunza maabara waseti mashine zote ziweke spesi 4 na wawashe hizo alama zionekane, na mwalimu aonyeshe wanafunzi hiyo tofauti wiki ya kwanza, kabla hata ya kuwafundisha kuandika if, ile amri ya sharti. Msimamizi naye akiona TabError kwa skrini ya mwanafunzi ajue ni kitu gani, amruhusu kubadilisha aendelee, manake hapo hajakosea hesabu wala mantiki, na ada ya kurudia mtihani ni mzazi anaitoa.

Mdogo wangu anaufanya tena mwezi ujao kwa maabara ile ile. Jana alipita kuangalia, bado zinaweka Tab.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu