Saikolojia tumizi si njia ya mkato

Mhariri,

Wapo wazazi huko Uingereza wanaodhani mtoto akichukua saikolojia tumizi kwenye chuo cha kidato cha sita basi amekwepa kazi. Sivyo. Kozi ya BTEC (sifa ya Uingereza inayoegemea masomo ya vitendo) ya ngazi ya 3, ile ya saa 360, ina uzito wa A-Level moja, na ndani yake kuna mitihani pamoja na kazi za mradi.

Mradi wa utafiti ndio unaowakwamisha wanafunzi wengi. Chukua jaribio la Stroop la mwaka 1935: mshiriki anataja rangi ya wino huku neno "nyekundu" limeandikwa kwa buluu. Linaonekana jepesi. Ila ukiwapa wote kwanza orodha ambayo neno na wino vinalingana, kisha isiyolingana, hutajua kama wamechelewa kujibu kwa mkanganyiko wa neno na wino au kwa uchovu tu. Nusu waanze na hii, nusu na ile. Nadharia tete, yaani matokeo unayoyatarajia, iandikwe kabla ya data, si baada (jaribu kuwaeleza hilo usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi!). Ridhaa ichukuliwe kwa maandishi, na mshiriki aambiwe anaweza kujitoa wakati wowote.

Na sampuli? Marafiki kumi wa meza moja ya kantini hawawakilishi "vijana". Mwanafunzi akilikiri hilo kwenye tathmini yake, akaeleza lilivyoathiri matokeo, anapata alama; akilificha, anazipoteza.

Walimu wa saikolojia