Barua kwa mpwa wangu anayewahurumia wanyama wadogo

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema wanyama wadogo wa porini wameumbwa ili waliwe, na kwamba filamu za wanyama zimekuchosha kwa kuwa mwisho wake ni uleule: mkubwa kashiba, mdogo kaisha. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako katika fikra hiyo, nami naona wanyama hao wanaonewa.

Anza na hesabu za mwindaji mwenyewe. Chui akikosa windo leo, kesho atajaribu tena. Akivunjika jino au akiumia mguu, hana wa kumwindia. Kwa hiyo mdogo hana haja ya kumshinda chui. Inatosha amfanye aone kuwa mlo huu utamgharimu kuliko utakavyomshibisha.

Nungunungu analijua hilo vizuri. Na tafadhali, acha kuwaambia wenzako kwamba hurusha miiba. Harushi. Miiba ile ni nywele zilizogeuka kuwa ngumu, mingine hupita sentimita 30. Akitishwa huisimamisha, hupiga miguu chini na kutikisa mkia, ambao miiba yake ina uwazi ndani, hivyo hugongana na kutoa mlio wa kuonya. Adui asiposikia onyo, nungunungu humgeuzia mgongo na kumwendea kinyumenyume kwa kasi. Miiba hung'oka kirahisi na kubaki mwilini mwa aliyechomwa. Simba mwenye mwiba shavuni hatafuni vizuri, kidonda hutunga usaha, na njaa inaweza kummaliza.

Lakini anayenistaajabisha kuliko wote ni panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu meusi na meupe, anayetembea polepole kana kwamba hana adui duniani. Panya huyu hutafuna magome ya mti uleule ambao wawindaji tangu zamani wameuchemsha kupata sumu ya mishale, kisha hujipaka mate yenye sumu hiyo ubavuni. Watafiti walilieleza jambo hili mwaka 2011. Walipozitazama nywele za ubavuni kwa hadubini, walikuta zina matundu kwa nje na nyuzi nyembamba ndani, zinazofyonza mate kama utambi ufyonzavyo mafuta. Akibanwa, hakimbii. Huyatenga manyoya yake na kuianika sehemu ileile yenye sumu, ili anayetaka kung'ata ang'ate hapo. Mbwa amekwisha kufa kwa kosa hilo, maana sumu yenyewe huvuruga moyo.

Si wote wenye silaha. Sange, yule mwenye pua ndefu, hutegemea mbio, na mbio zake zinahitaji njia safi. Basi hupita kwenye vijia vyake akifagia majani na vijiti kwa miguu ya mbele, kwa sababu kijiti kimoja kinaweza kumkwaza siku ya hatari. Katika nyika ya Taru, Kenya, mtafiti Anne Rasa aliona nguchiro wadogo wakitafuta chakula pamoja na hondohondo. Ndege hao hupata wadudu wanaofurushwa na nguchiro, nao hupiga kelele mwewe akitokea, hata yule mwewe asiyewadhuru wao wenyewe! Wapo pia panya wenye manyoya ya miiba ambao ngozi yao huchanika kirahisi ikabaki mdomoni mwa adui. Jeraha hupona, na nywele huota upya.

Hata hivyo, huruma yako ina mahali pake. Kakakuona hujikunja, magamba nje, tumbo na uso ndani, na simba humbingirisha mpaka achoke. Ila binadamu hahitaji kumfungua. Humwokota tu, akamtia kwenye gunia. Kinga iliyomwokoa dhidi ya meno ndiyo inayomweka mikononi mwetu akiwa ametulia. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote 8 za kakakuona, lakini magamba yake bado yanasafirishwa kwa magendo.

Kwa hiyo ukimkuta amejikunja, waondoe mbwa, nawe ondoka. Usipige picha ukatangaza mahali alipo. Na ukisikia mtu anauza magamba yake, peleka taarifa kwa askari wa wanyamapori siku hiyohiyo.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako