Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, mwalimu mkuu, wanabodi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanafunzi wa shule hii ya bweni, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tumechagua kukueleza jambo moja tu, nalo ni uonevu, hasa ule unaowapata wanafunzi wapya mabwenini taa zikishazimwa.

Sheria tunazo, na tunaziheshimu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila aina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kiakili, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Adhabu hiyo inamfaa mtu mzima. Lakini anayemlazimisha mwanafunzi mpya amfulie nguo na amtandikie kitanda, kisha akamnyang'anya chakula alicholetewa na mzazi, mara nyingi naye ni mtoto, na sheria, kwa haki kabisa, haimpeleki mtoto gerezani. Basi husimamishwa masomo kwa muda, akarudi bweni lile lile alalamo yule aliyemshtaki. Wengi wetu hunyamaza, si kwa kutojua haki zao, bali kwa kujua watalala wapi usiku huo.

Ipo pia nambari ya bure ya 116, inayowasaidia watoto. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kuwa na simu ataipigaje?

Kwa hiyo, mheshimiwa, tunaomba simu moja iwekwe mahali ambapo mwanafunzi ataipiga nambari hiyo bila kuomba kibali cha kiranja. Tunaomba mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, kwa maana kwa sasa anatusikiliza akiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha mbele yake, nasi tunaona haya kumchelewesha. Zaidi ya yote, tunaomba kila kisa kiandikwe na nakala ifike ofisini kwako, na mkosaji ndiye ahamishwe bweni, wala si aliyeonewa.

Tunawasilisha kwa heshima.

Ni sisi wanafunzi wako.