Risala ya Kikundi cha Historia kwa Mgeni Rasmi: Kuzitafuta Nyaraka za Immerath

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mabibi na mabwana,

Karibu Erkelenz, mji wa magharibi mwa Ujerumani. Kwa heshima na taadhima tunakuletea habari za Immerath, kijiji ambacho leo ukikifuata utakuta shimo la makaa ya mawe.

Mgeni Rasmi, hadi mwisho wa 1971 Immerath ilikuwa Gemeinde, yaani kijiji chenye halmashauri yake. Tarehe 1 Januari 1972 kikaingizwa katika mji wa Erkelenz pamoja na jirani zake, wakiwemo Keyenberg, Borschemich na Holzweiler. Siku hiyohiyo wilaya ya Erkelenz nayo ikavunjwa, ikawa sehemu ya wilaya ya Heinsberg. Kuanzia 2006 wakazi walihamishiwa Immerath mpya, karibu na Kückhoven, kupisha mgodi wa Garzweiler. Kanisa la Mtakatifu Lambertus, lenye minara miwili, lilijengwa 1888 hadi 1891. Likabomolewa Januari 2018, kazi ya siku mbili tu. Keyenberg ilinusurika kwa makubaliano ya Oktoba 2022, ila wengi wa wakazi wake walikwisha kuhama. Nyumba zimebaki, wenyewe hawapo!

Sasa nyaraka za vizazi, ndoa na vifo: wanaozitafuta hufanya makosa matatu. Kosa la kwanza ni jina. Kuna Immerath nyingine huko kwenye milima ya Eifel, kando ya ziwa la volkano, na barua nyingi hupotelea huko. Andika daima "Immerath, Erkelenz".

Kosa la pili ni miaka. Ofisi ya vizazi na vifo hushikilia rekodi za kuzaliwa kwa miaka 110, za ndoa 80, za vifo 30. Baada ya hapo huhamia kwenye hifadhi ya nyaraka. Hivyo aliyezaliwa 1920 akafariki 1985, rekodi yake ya kifo iko wazi kwa yeyote, lakini ya kuzaliwa haiko wazi kwa kila mtu hadi muda huo uishe. Anza na kifo, kisha rudi nyuma.

Kosa la tatu ndilo linalotuumiza vichwa. Ng'ambo hii ya magharibi ya mto Rhein, Wafaransa walianzisha daftari za serikali za vizazi, ndoa na vifo mwaka 1798, kwa lugha yao na kwa kalenda ya mapinduzi yao, iliyotumika hadi mwisho wa 1805. Mwaka wa 10 wa kalenda hiyo ulianza 23 Septemba 1801. Mtoto aliyeandikwa mwezi wa Vendémiaire, ambao ndio wa kwanza, mwaka wa 10, alizaliwa 1801. Wengi huandika 1802, na ukoo mzima unapinda kuanzia hapo.

Mgeni Rasmi, tunaomba mambo mawili: mwalimu wa kutufundisha kusoma mwandiko wa Kijerumani wa kale, na kompyuta moja ya kutunzia picha za kurasa tulizokwisha kupiga.

Tunaomba kuwasilisha.