Barua kwa rafiki mwenye jengo la biashara: jiandae kabla ya kesi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba umeniuliza sasa ujiandaeje kwa kesi ya mtu atakayeumia ndani ya jengo lako, wakati hakuna aliyeanguka wala aliyekuandikia notisi. Samansi, yaani wito wa mahakama, ikishafika mlangoni, sehemu kubwa ya utetezi huwa imekwisha kujengwa au imekwisha kubomoka. Wakili hawezi kukutengenezea ushahidi. Atatumia ule uliouweka.

Mtu akiumia ndani ya jengo lako, mahakama haitaishia kuuliza kama sakafu ilikuwa na maji. Itauliza kama ulijua, au ulipaswa kujua, na ulichukua muda gani kurekebisha. Kesi nyingi za namna hii husimama au huanguka hapo, na majibu yake yanakaa kwenye daftari la ukaguzi. Kwa hiyo nakuomba uanzie kwenye daftari.

Liwe la kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Kila mstari uwe na tarehe, saa, sehemu iliyokaguliwa, kilichoonekana, kilichofanyika, jina la mkaguzi na sahihi yake. Aandike kwa wino. Akikosea, akate kwa mstari mmoja ili maneno ya awali yasomeke, kisha atie sahihi pembeni. Wino mweupe wa kufutia usiguse daftari hilo. Tena msisitize aandike saa ya kweli. Ukurasa unaoonyesha ngazi zilikaguliwa saa 2:00 kamili kila siku mwezi mzima, kalamu ileile, neno “sawa” kutoka juu mpaka chini, haudumu mbele ya wakili wa mdai. Ataonyesha kwamba ulijazwa kwa mkupuo mmoja, na ukurasa mmoja ukishaanguka hata zile za kweli zinatiliwa shaka.

Daftari hilo linakata kuwili, na hapa ndipo wenye majengo wengi wanapojiumiza. Ikiandikwa tarehe 3 kwamba kipandio cha nne kimelegea, mtu akaanguka papo hapo tarehe 20 na fundi hajaitwa, ushahidi kwamba ulijua umeuandika wewe. Wapo wanaoona heri wasikague kabisa. Wanakosea, kwa sababu asiyekagua huhesabiwa kuwa alipaswa kujua. Kila kasoro iliyoandikwa ipate hatua siku ileile hata kama fundi yuko mbali: ziba njia, weka kibao, funga taa ya muda, andika saa. Fundi akimaliza, risiti yake bandika ukurasa uleule.

Kwenye ukaguzi wenyewe, ngazi zitazame kwa makini kuliko vyote. Pima kimo cha kila kipandio kwa rula. Vikipishana hata kwa sentimita moja, mtu hujikwaa, maana mguu huzoea kimo cha vipandio viwili vya kwanza na kutarajia vinavyofuata viwe hivyohivyo. Reli ya kushikia itikisike kidogo tu, iandikwe. Taa za ngazi na maegesho zikaguliwe usiku, si mchana. Mlango wa dharura ufunguke kwa ndani bila ufunguo saa zote watu wanapokuwemo. Kufuli likikutwa hapo siku ya moto, hakuna maelezo yatakayosaidia. Mitungi ya kuzimia moto itazamwe kila mwezi na ihudumiwe na fundi wake kila mwaka, na lifti ifuate ratiba ya mkaguzi anayetambuliwa na sheria.

Sasa kamera. Rekoda nyingi hujifuta zenyewe, nyingine baada ya wiki, nyingine baada ya mwezi, wakati barua ya madai huweza kuja miezi mingi baadaye. Siku ya ajali hiyohiyo nakili picha za kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada. Ile saa ya kabla ndiyo yenye thamani zaidi: inaonyesha maji yalimwagika lini na msafishaji alipita lini. Linganisha saa ya rekoda na saa halisi, andika tofauti yake, kisha weka nakala mbili mahali tofauti, pamoja na jina la aliyenakili.

Pale penye tukio, aliyeumia ahudumiwe kwanza. Mpe pole kwa moyo, mwitie gari la wagonjwa, lakini asitokee mfanyakazi wa kusema “ni kosa letu” wala wa kumpa pesa ili atie sahihi. Kabla ya kupiga deki, piga picha: moja kutoka mbali kuonyesha eneo lote, nyingine karibu, na rula kando ya ufa au dimbwi. Chukua majina na simu za mashahidi. Ripoti iandike kilichoonekana tu. “Maji yenye upana wa sentimita 40 mbele ya choo, kibao hakikuwepo” inatosha. “Msafishaji alizembea” ni hukumu, si ripoti. Kuanzia hapo hakuna kufuta chochote, hata ujumbe wa simu kati yako na msimamizi, kwa sababu mahakama inaweza kuchukulia kwamba kilichofutwa kilikuwa kinakuumiza.

Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi mara moja, hata kama aliyeanguka ameondoka akitabasamu. Kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kukunyima kinga uliyoilipia miaka yote. Bima ya moto haitoshi, unahitaji bima ya dhima kwa watu wengine, yaani ile inayolipa madai ya watu walioumia kwako. Isome ukitafuta mambo matatu: kama gharama za mawakili zinakula kiwango cha fidia au ziko nje yake, nini kimeondolewa, na nini kinatokea jengo likikaa tupu. Bima nyingi hupunguza kinga jengo likiwa tupu kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30 au 60.

Mkandarasi, hata wa kupaka rangi tu, alete cheti cha bima kabla hajaingiza ngazi yake, nawe ukihakikishe kwa waliokitoa, kwani cheti cha zamani hubaki mfukoni muda mrefu baada ya malipo kukoma. Mkataba wa pango nao utaje wazi nani anatengeneza nini. Ndani ya duka kwa kawaida hakuna utata. Ugomvi huzuka kwenye korido, paa, mifereji na maegesho.

Kama jengo liko chini ya kampuni, akaunti yake isilipe ada za watoto wala mafuta ya gari lako. Ukichanganya pesa, mdai anaweza kuiomba mahakama iipite kampuni na kukufikia wewe. Na usihamishie jengo kwa ndugu baada ya ajali, maana uhamisho wa kukwepa madai unaweza kubatilishwa.

Nyaraka zote tunza hadi muda wa kushtaki upite, na kuzidi. Uingereza, kwa mfano, aliyeumia kwa kawaida ana miaka 3 ya kufungua kesi, na kwa mtoto miaka hiyo huanza kuhesabiwa akifikisha 18.

Samansi ikija, andika juu ya bahasha siku na saa uliyoipokea, uipeleke kwa wakili na kwa bima siku hiyohiyo. Siku za kujibu zikipita, hukumu inaweza kutolewa upande mmoja hata kama ulikuwa na haki.

Nitumie nakala ya mkataba wako wa pango na kurasa za bima zenye orodha ya mambo yasiyolipiwa. Nitazipitia na kukuwekea alama pa kuzungumza na wakili.

Ni mimi rafiki yako.